Kupeleka makala kwenye blogu moja kwa moja kutoka Microsoft Word: tathmini baada ya mwaka mmoja na nusu

Blogu yetu ina waandishi watatu, na wasomaji wake wengi ni wanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita wanaotafuta uchambuzi wa mashairi, riwaya na tamthilia za Kiswahili. Makala zake ni ndefu. Uchambuzi wa diwani moja huweza kufikia maneno 2,500, nao huandikwa kwa siku nne au tano, aghalabu usiku baada ya kazi, katika nyumba ambazo umeme hukatika bila taarifa na bando la intaneti hununuliwa kwa kipimo. Kuandika matini ya namna hiyo ndani ya kivinjari kuliwahi kunipotezea kazi ya usiku mzima: modemu ilizimika, muda wa kuingia kwenye akaunti ukaisha, na nilipofungua tena sikukuta ila aya mbili za mwanzo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitumia kipengele kilichomo ndani ya Microsoft Word, ambacho humwezesha mwandishi kuitunga makala kwenye kompyuta yake bila intaneti na kisha kuipeleka kwenye blogu kwa kitufe kimoja, bila kunakili wala kubandika. Sasa ni mwaka mmoja na nusu, na makala zaidi ya sitini zimepita njia hiyo. Naona nimekizoea vya kutosha kuweza kumweleza mwandishi mwingine anayefikiria kukitumia.

Kipengele chenyewe kilianza na Word 2007 na kimeendelea kuwamo katika matoleo ya Windows yaliyofuata. Hakimo katika Word ya Mac, wala katika Word inayofunguliwa ndani ya kivinjari, wala katika ile ya simu, na jambo hilo ni vema lijulikane mapema kwa sababu nimewaona watu wakitafuta kitufe ambacho hakipo. Mwenye Windows hufungua menyu ya faili, huchagua kuanzisha waraka mpya, kisha hutafuta kiolezo cha chapisho la blogu. Kinachofunguka ni ukurasa wenye kisanduku cha kichwa cha habari juu, mstari chini yake, na nafasi tupu ya kuandikia. Vichupo vingi vya Word hutoweka, vikabaki vile tu vinavyohusika na kuandika, kuingiza picha na kutuma.

Namna kinavyofanya kazi ni vema ieleweke, kwa kuwa karibu kila tatizo nitakalolitaja lina mzizi wake hapo. Mwandishi anapobofya kitufe cha kutuma, Word huigeuza makala kuwa HTML, yaani lugha ya alama inayopangia kurasa za wavuti, huitia ndani ya ujumbe uliopangwa kwa utaratibu uitwao XML-RPC, kisha huupeleka ujumbe huo, pamoja na jina la mtumiaji na nywila yake, kwenye mlango maalumu wa seva ya blogu. Kwa blogu za WordPress, yaani mfumo wa kuendeshea blogu tunaoutumia sisi, mlango huo ni faili moja liitwalo xmlrpc.php. Utaratibu wa XML-RPC ni wa mwaka 1998, na kanuni za MetaWeblog, ambazo ndizo zinazotumika kuzungumza na blogu nyingi kwa njia hiyo, ziliwekwa na Dave Winer mwaka 2002. Kwa hiyo tunatumia barabara iliyojengwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, wakati watu wengi waliokuwa na blogu walitazamia kuandika katika programu za kompyuta zao na si ndani ya kivinjari. Barabara hiyo bado inapitika, lakini wanaoitunza wamepungua.

Ushahidi wa uzee huo uko katika dirisha la kusajili akaunti. Word huonyesha orodha ya watoa huduma ili mtumiaji achague wake, na orodha hiyo inasikitisha kuisoma kwa mtu aliyewahi kuzitumia huduma hizo. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na Windows Live Spaces ya Microsoft yenyewe, ambayo ilifungwa mwaka 2011 na wenye blogu zao wakahamishiwa WordPress.com. TypePad nayo ilisitisha huduma zake Septemba 2025. Blogger ingali hai, na ndiyo inayotumiwa na waandishi wengi wa Kiswahili tangu zama za blogu za kwanza za Tanzania, lakini mwaka 2015 Google ilifunga mtindo wa zamani wa programu kuingia kwa jina na nywila tupu, ikataka njia mpya ya uthibitisho. Tangu hapo usajili wa Blogger ndani ya Word umekuwa chanzo cha malalamiko. Mimi nilijaribu kwa blogu ya pili tuliyo nayo huko, nikajaribu tena kwa kompyuta ya mwenzangu, na mara zote mbili akaunti haikusajilika. Kwa hiyo tathmini hii inahusu WordPress, na mwenye Blogger asinunue Word kwa ajili ya kipengele hiki.

Usajili wa WordPress ni mwepesi ikiwa mambo matatu yatazingatiwa. Kwanza, katika nafasi ya anwani Word humwekea mtumiaji kielelezo kinachoanza kwa http, na wengi hujaza jina la tovuti yao katikati wakaiacha sehemu hiyo ya mwanzo kama ilivyo. Ibadilishwe iwe https. Word yenyewe hutoa onyo kabla ya kutuma kwamba huenda watu wengine wakaweza kuona taarifa zinazopelekwa, zikiwemo jina na nywila, na watumiaji wengi huliona onyo hilo kuwa la kawaida wakalipita. Si la kawaida. Anayetuma kwa http kutoka kwenye mtandao wa wazi wa mgahawa au wa chuo anaitoa nywila yake hadharani.

Pili, usitumie nywila yako kuu. Tangu toleo la 5.6 lililotoka Desemba 2020, WordPress humwezesha mtumiaji kujitengenezea nywila ya programu, yaani nywila ya pembeni inayotumiwa na programu moja tu na inayoweza kufutwa wakati wowote bila kugusa nywila ya kuingilia. Hutengenezwa katika ukurasa wa wasifu wa mtumiaji, ina herufi na tarakimu 24 zilizogawanywa katika mafungu ya nne nne, na huonyeshwa mara moja tu, hivyo inakiliwe palepale. Kompyuta ya mwenzetu mmoja ilipoibwa ndani ya daladala, kazi tuliyokuwa nayo upande wa blogu ilikuwa kufuta nywila moja ya programu, tukaendelea na kazi jioni hiyohiyo.

Tatu, hakikisha mlango uko wazi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza muda mwingi zaidi. Miezi minane baada ya kuanza, Word ilikataa ghafla kutuma. Ujumbe ilioutoa ulisema tu kwamba haikuweza kuchapisha, bila kueleza sababu, nami nikadhani kosa ni langu. Nilibadilisha nywila mara tatu, nikafuta akaunti na kuisajili upya, nikaazima kompyuta nyingine. Siku ya pili ndipo nilipofungua anwani ya xmlrpc.php katika kivinjari cha kawaida. Seva iliyo tayari kupokea hujibu kwa sentensi moja, “XML-RPC server accepts POST requests only”, maana yake kwamba iko macho lakini haipokei wageni wa kutazama tu. Yangu ilijibu kwa namba 403, yaani nimezuiwa. Kampuni inayotuuzia nafasi ya seva ilikuwa imefunga faili hilo kwa wateja wake wote bila kutuarifu.

Niseme kwa haki kwamba kufunga huko kuna sababu. Mlango huohuo unaomruhusu mwandishi kutuma makala umetumiwa na wavamizi kujaribu nywila mamia kwa ombi moja, na pia kuzitumia blogu za watu wasio na habari kuzishambulia tovuti nyingine kwa wingi wa maombi. Tangu toleo la 3.5 la Desemba 2012 WordPress huuacha wazi kwa kila blogu, na ndiyo maana watoa huduma na programu-jalizi nyingi za usalama huufunga wenyewe. Ninachokilalamikia ni ukimya. Tulipowaandikia, walipendekeza waruhusu anwani ya intaneti ya nyumbani kwetu peke yake, jambo ambalo kwa watu wanaotumia intaneti ya simu haliwezekani, kwa kuwa anwani hubadilika kila tunapounganisha. Hatimaye walikubali kuufungua kwa masharti ya kupunguza idadi ya majaribio ya kuingia kwa dakika, na hadi leo hatujapata tatizo jingine. Mwenye kutaka kuanza na aanze kwa kuifungua anwani hiyo katika kivinjari, kabla hajagusa Word.

Sasa kuhusu uandishi wenyewe, ambao ndio uliotufanya tukipende kipengele hiki. Matini inayotoka katika kiolezo cha blogu ni safi kuliko ile inayopatikana kwa kuhifadhi waraka wa kawaida kama ukurasa wa wavuti. Ukiandika aya za kawaida bila kugusa fonti, kinachofika kwenye blogu ni aya tupu, zilizotiwa alama zinazostahili, na mandhari ya blogu huzivalisha fonti yake yenyewe. Herufi za mlazo hubaki za mlazo, viungo hubaki viungo, orodha hubaki orodha. Tatizo huanza pale mwandishi anapobandika matini kutoka waraka mwingine wenye Times New Roman ya ukubwa wa 12, kwa sababu Word huchukulia kwamba fonti hiyo ni matakwa yake na huiandika ndani ya kila aya. Kwenye blogu aya hizo zitaonekana na sura tofauti na makala nyingine zote, na asiyejua HTML hatajua kwa nini. Sisi tumejiwekea kanuni kwamba kila kinachobandikwa kibandikwe kama maandishi matupu, kisha mlazo na vichwa vya sehemu virudishwe kwa mkono. Vichwa hivyo vitumie mtindo wa ngazi ya pili, si wa kwanza, kwa kuwa ngazi ya kwanza katika blogu nyingi ni ya kichwa cha makala chenyewe.

Lakini mtihani wetu mkubwa ulikuwa ushairi. Makala yetu ya kwanza kutumwa kwa njia hii ilikuwa uchambuzi wa tarbia, na asubuhi yake nikapata ujumbe wa mwenzangu: “Shikamoo mwalimu. Beti za leo zimefumuka, kila mshororo umesimama peke yake kama aya.” Nikafungua blogu kwenye simu, nikaona kweli. Kila mshororo ulikuwa umeachana na mwenzake kwa nafasi ile inayotenganisha aya, na mahali ambapo ubeti ulikuwa unaisha hapakuwa na tofauti yoyote na mahali ulipokuwa unaendelea. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba tarbia ni mishororo minne katika kila ubeti asingeweza kuhesabu beti katika ukurasa ule.

Sababu yake ni kwamba kitufe cha Enter katika Word humaanisha aya mpya, na kwenye karatasi hatuoni tofauti kwa kuwa kiolezo cha kawaida cha ushairi huwa tumekibana nafasi. Kwenye blogu, aya ni aya. Dawa yake ni kushikilia Shift unapobonyeza Enter mwishoni mwa mshororo, kisha kutumia Enter peke yake mwishoni mwa ubeti. Word huipeleka Shift na Enter kama mkato wa mstari ndani ya aya ileile, na ubeti hufika ukiwa umeshikana. Tulipolijua hilo, tulizirudia beti zote za makala sita zilizotangulia.

Vipande vilitusumbua zaidi. Chukua mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya kujaribia:

Kalamu yangu andika, usichoke asilani,
Mambo yaliyofichika, uyaweke hadharani.

Kitabuni tungependa ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, ukae upande wa kushoto na utao, kipande cha pili, upande wa kulia, vina vya kati vikiwa vimepangana chini kwa chini ili mwanafunzi avione kwa jicho kabla hajavihesabu kwa kidole. Katika Word hilo hufanywa kwa kitufe cha Tab, na kwenye skrini ya kompyuta hupendeza. Likifika kwenye blogu, mpangilio huvurugika, kwa sababu HTML haina kituo cha Tab na nafasi hazilingani. Tukajaribu jedwali la safu mbili lisilo na mistari, nalo lilifika salama, safu zikiwa zimesimama vizuri, hadi tulipolitazama kwenye simu. Word huandika upana wa kila safu kwa kipimo kisichobadilika, basi kwenye skrini nyembamba utao ulitoka nje ya ukurasa na msomaji akalazimika kuusogeza kwa kidole. Wasomaji wetu karibu wote wanasoma kwenye simu. Kwa hiyo tumerudi kwenye mkato wa mstari na mkwaju (/) kati ya vipande, na jedwali tunalihifadhi kwa beti mojamoja zinazohitaji kuonyeshwa vina, na kwa hizo huwa tunalifuta kwa mkono lile agizo la upana baada ya makala kufika. Ni kazi ya dakika tano kwa anayejua pa kuangalia, na ni ukuta kwa asiyejua.

Kuhusu picha nina machache. Word huzipeleka pamoja na matini na kuziingiza mahali pake, ambalo ni jambo ambalo kunakili na kubandika mara nyingi hakulifanyi. Huzipunguza kufikia ukubwa zilizoonyeshwa nao ndani ya waraka, na hilo linaokoa bando la mwandishi na la msomaji, ingawa picha ya ukurasa wa kitabu yenye maandishi madogo hupoteza ukali wake. Majina ya mafaili ni ya ajabu kidogo: Word huyatunga kwa tarehe, saa na kichwa cha makala, ikianza na mwezi kabla ya siku, kwa mtindo wa Kimarekani. Anayezitunza picha zake kwa mpangilio maalumu atakereka.

Jambo linalonigusa zaidi ni Kiswahili chenyewe. Word iliyowekwa kwa Kiingereza hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno letu, na mwandishi akishazoea kuona wekundu ukurasa mzima hataliona kosa la kweli likitokea. Kabla ya kuandika herufi ya kwanza, lugha ya matini iwekwe kuwa Kiswahili. Hata hivyo masahihisho ya papo kwa papo yaangaliwe yenyewe katika mipangilio, kwa kuwa Word ina desturi ya kuigeuza “i” inayosimama peke yake kuwa herufi kubwa. Katika mashairi “i” hiyo ni kitenzi kamili, na nimewahi kuchapisha mshororo wenye “hali I taabani” ukakaa hivyo wiki nzima kabla ya mwanafunzi mmoja kuuliza maana yake. Vivyo hivyo kifupisho “taz.” huhesabiwa kuwa mwisho wa sentensi, na neno linalofuata hupewa herufi kubwa lisilostahili. Makosa haya mawili huzimwa kwa dakika moja, na ningeomba kila anayeandika Kiswahili kwenye Word ayazime leo, awe na blogu au asiwe nayo.

Makala ikishaiva, Word hutoa njia mbili: kuchapisha papo hapo, au kuituma kama rasimu, ambayo kwenye kitufe imeandikwa “Publish as Draft” na hujificha chini ya mshale mdogo wa kitufe kikubwa cha kuchapisha. Ushauri wangu, nao ndio ninaousisitiza kuliko yote niliyoyasema, ni kwamba ile njia ya kwanza isitumiwe kabisa. Word humruhusu mwandishi kuchagua kategoria ya makala, lakini haina mahali pa kuweka vitambulisho vya makala (tags), picha kuu, muhtasari, wala saa ya makala kutoka. Mambo hayo yote hufanywa ndani ya kivinjari. Anayechapisha moja kwa moja hutoa makala isiyo na picha kuu, na kama ana wafuasi wanaopokea barua pepe kila kinapotoka kitu kipya, wataipokea ikiwa katika hali hiyo, na haitarudi. Rasimu humpa mwandishi nafasi ya kuitazama kwenye simu, kurekebisha beti, kuweka picha, kisha kuitoa kwa wakati unaofaa. Kwetu sisi kazi hiyo ya mwisho inachukua robo saa ya intaneti, badala ya siku nne.

Katika robo saa hiyo kuna hatua moja ambayo wageni wa WordPress ya sasa huishangaa. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018 kihariri cha WordPress hupanga makala kwa vitalu, kila aya na kila picha ikiwa kitalu chake. Word haijui vitalu. Makala yake hufika ikiwa imefungwa ndani ya kitalu kimoja kikubwa cha mtindo wa zamani, na juu yake huwa na amri ya kuigeuza iwe vitalu vya kawaida. Ibofye, na dakika hiyohiyo makala huwa kama iliyoandikwa humo. Baada ya hapo, hata hivyo, usiirudishe Word. Kipengele hiki kina uwezo wa kuyafungua machapisho yaliyokwisha kutumwa na kuyatuma upya, na uwezo huo unavutia, lakini Word hufuta kilichokuwapo na kuweka HTML yake yenyewe, ikavunja marekebisho yote yaliyofanywa kwenye kivinjari na kupandisha picha zilezile mara ya pili kwa majina mapya. Nilipoteza hivyo jedwali la vina lililonichukua jioni nzima. Makala ikishavuka, marekebisho yake yafanyike huko iliko.

Upande wa uhariri, tunafanya kazi yote katika waraka wa kawaida wa Word kabla ya kugusa kiolezo cha blogu. Mwandishi huandika, mwenzake husoma huku ufuatiliaji wa mabadiliko ukiwa umewashwa, wa tatu huhakiki mizani na madondoo, na mabadiliko yote hukubaliwa au kukataliwa hadi pasibaki rangi yoyote kwenye ukurasa. Hapo ndipo matini inapohamishiwa kwenye kiolezo na kutumwa. Waraka wa asili hubaki kwenye kompyuta na kwenye diski ya akiba, na mara mbili umetusaidia: tulipofungiwa seva, na mwalimu mmoja alipotuomba kibali cha kuzichapa makala kumi kwa ajili ya maktaba ya shule yake isiyo na intaneti. Tulimpa mafaili yaliyo tayari kupigwa chapa. Anayeandika kwenye kivinjari peke yake angekuwa na kazi ya kunakili makala mojamoja kutoka kwenye skrini.

Ipo njia nyingine ambayo haki inataka niitaje. Kihariri cha vitalu cha WordPress siku hizi hupokea matini iliyonakiliwa kutoka Word vizuri kuliko zamani: vichwa hugeuka vichwa, orodha hugeuka orodha, na uchafu mwingi wa fonti huondolewa wakati wa kubandika. Picha ndizo zinazohitaji kupandishwa mojamoja. Kwa makala isiyo na picha, au yenye picha moja, tofauti kati ya njia hiyo na ya kutuma moja kwa moja ni ndogo sana, na njia hiyo haihitaji mlango wa xmlrpc.php kuwa wazi. Inafaa pia kwa anayetumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, na haina kipengele cha kutuma kama cha Word. Mwandishi asiye na leseni ya Word asilipie leseni kwa ajili ya kitufe kimoja. Kama kompyuta ya kazini au ya shuleni tayari ina Word ya Windows, na blogu ni ya WordPress, na makala ni ndefu zenye picha kadhaa, basi hapo kipengele hiki kinastahili nusu saa ya kukisajili.

Kwa blogu ya habari za papo kwa papo, yenye picha nyingi na maneno machache, sikipendekezi. Mwandishi wa namna hiyo yuko barabarani na simu mkononi, na programu ya simu itamfaa zaidi.

Sisi tunaendelea nacho. Makala ya wiki ijayo, uchambuzi wa utenzi wenye picha saba za kurasa za hati ya Kiarabu, imekwisha kupita kwa wahariri wote wawili na iko kwenye kiolezo ikisubiri bando la kesho. Picha hizo nimezikuza ndani ya waraka hadi upana wote wa ukurasa ili zisipoteze ukali, na mishororo yote 120 nimeikagua kwa kuwasha alama zilizofichika za Word: mshale uliopinda mwishoni mwa kila mshororo, na alama ya aya mwishoni mwa kila ubeti.